Haloperidol, olanzapine, risperidone: nimezikunywa zote tatu, haya njo maoni yangu

Mimi niko fundi wa kushona hapa Bukavu, komini ya Kadutu, mashini yangu iko kwa baraza ya mama na toka 2018 ninakunywaka dawa za kichwa, zile za ugonjwa wa akili. Nimekunywa tatu, moja kisha ingine, na hakuna hata moja niliyokunywa chini ya mwaka moja, kwa hiyo naweza kuzisemea. Naandika juu kila mara mutu ananifikia kwa siri, mama wa kijana fulani ao dada wa mutu fulani, ananiuliza "yaya, ile dawa walimupa kwa lopitali iko nzuri?" na mimi ninajibu kila mutu peke yake na kila mara nasahau kitu. Acha niweke yote hapa.

Mbele ya yote mujue hivi: zote tatu zilinyamazisha sauti. Nilikuwa nasikia mwanaume ananitukana kwa Mashi, usiku na muchana, na mimi Mashi hata siisemi vizuri. Tulipita kwanza kwa chumba cha maombi, wiki tatu, na kufunga chakula, sauti ikazidi. Dawa njo ilimunyamazisha, si siku moja, ilikuwa kama wiki mbili, kwanza akaenda mbali kama mutu anasema ngambo ya ukuta, kisha nikaamka asubuhi moja nikasikia tu majogoo na mama anafagia. Nililia siku ile. Kwa hiyo mutu asichukue maneno yangu akaenda kumwaga dawa zake kwa choo. Nataka kusema ile habari ingine, ya vile mwili unalipa, na vile unaweza kupunguza ile deni.

Tuanze na haloperidol. Huku kwetu njo ya kwanza karibu kwa kila mutu juu bei yake iko chini na inapatikana. Ni dawa ya zamani sana, ilitengenezwa Ubelgiji 1958 kwa maabara ya Paul Janssen, miaka sita kisha Wafaransa kuanza kutibu watu na chlorpromazine Paris kwa hospitali Sainte-Anne, ile wazee wa hapa bado wanaita Largactil. Toka 1977, mwaka ule OMS, shirika la afya la dunia, ilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, haloperidol iko ndani. Nasema hii juu kuna watu wanafikiri wanatupatia dawa ya majaribio, dawa ya masikini. Hapana, iko dawa inajulikana dunia muzima, mazuri yake na mabaya yake, na hapo njo hasira yangu inatoka: kama mabaya yake yanajulikana zaidi ya miaka makumi sita, mbona mimi walinipa paketi na kuniambia tu "kimoja asubuhi, kimoja magaribi"?

Siku ya tatu, saa ya chakula cha jioni, shingo ikaanza kunivuta upande wa kushoto. Nikasema labda nililala mubaya. Haikupita dakika kumi kichwa chote kilikuwa kimegeuka, macho yamepanda kwa dari na hayataki kushuka, ulimi umekuwa muzito ndani ya kinywa kama kipande cha nyama chenye si changu. Na akili yangu ilikuwa timamu, nilikuwa nasikia kila kitu! Nilimusikia mama analia, nilimusikia jirani anasema "muone, pepo inatoka", wakaanza kuimba, na mmoja akanishika kichwa anataka kukirudisha kwa nguvu. Ile maumivu sitaisahau. Mdogo wangu wa kiume njo alikimbia kutafuta moto (pikipiki), tukapanda watatu na mwenye kuendesha, paka kwa kituo cha afya, na mama infirmiye wa zamu aliuliza swali moja tu: "anakunywa dawa gani?" Wakamuonyesha paketi. Akanipiga sindano ya promethazine kwa musuli, na mbele ya nusu saa kuisha shingo ilirudi yenyewe, polepole, kama mutu amelegeza kamba.

Dystonia njo jina lake. Inakujaka kwa siku za kwanza, zaidi kwa vijana, na inatibiwa na sindano moja. Sasa fikiri ni vijana wangapi hapa Kivu shingo zao ziligeuka siku ya tatu na wakapelekwa kwa pastere mahali pa kupelekwa kwa infirmiye. Mwenye kuandika dawa akiongeza dakika moja ya kusema "shingo ao macho vikigeuka, si pepo, si sumu, rudi hapa haraka", familia nzima inaokoka na woga. Dakika moja tu.

Wiki ya pili ikaja ingine, na mimi naiona mubaya kupita ya shingo, juu shingo kila mutu anaiona lakini hii hakuna mwenye anaiona. Miguu. Sijui hata niieleze namna gani. Kukaa siwezi, nikisimama nataka kutembea, nikitembea nataka kukaa, nikilala ni kama kuna siafu ndani ya mifupa, si kwa ngozi, ndani. Nilikuwa natoka kwa soko ya Kadutu nashuka paka Nyawera, napanda tena, nashuka tena, kwa jua, na viatu vimekatika. Kwa bahati mashini yangu ni ya kukanyaga, haitumii umeme, na niligundua kwamba nikikanyaga pedali miguu inapata nafuu kidogo, basi usiku nilikuwa naamka nakanyaga mashini bila uzi, bila kitambaa, saa nzima. Mama akanikuta saa nane ya usiku nashona hewa. Weka wewe mwenyewe kwa nafasi yake, angefikiri nini? Akaenda kwa lopitali akasema ugonjwa umerudi, mutoto anahangaika, halali. Na dokta (simtaji, na lopitali siitaji) akasikia "anahangaika", hakuniuliza mimi kitu, akaongeza dawa kutoka miligramu 5 paka 10.

Hapo njo karibu nipotee. Dawa yenye ilikuwa inaleta siafu ikaongezwa mara mbili. Nilifika kuwaza kufa, na nasema wazi hapa, haikuwa juu ya sauti, sauti ilikuwa imenyamaza, ilikuwa juu ya miguu. Kama uko unasoma hii na uko ndani ya ile hali leo, hiyo mawazo inaweza kuwa ni dawa inaileta, iko na matibabu, usibaki peke yako usiku wa leo, amusha mutu, na kesho asubuhi mwende pamoja kwa mwenye alikuandikia.

Mimi nilisaidiwa na dokta mwingine, wa kupita tu, alikuwa anashika nafasi ya yule wa kwanza. Aliniuliza: "hii kuhangaika iko kwa kichwa ao iko kwa miguu?" Wiki sita nilikuwa nangoja mutu aniulize ile swali na sikujua kama nilikuwa naingoja. Nikamujibu kichwa kimetulia, dokta, ni miguu. Akarudisha 5, akaongeza propranolol, ile ya tansio (wenye asima museme mbele, haifai kwao). Siku nane kisha nikakaa kwa misa yote bila kutoka inje. Jina la ile ni akathisia, mulikamate, mukiliandika kwa karatasi na kumupa dokta atajua haraka muko munasema nini.

Nilimuuliza, juu ya nini dawa ya sauti inakamata miguu na shingo? Akanieleza na nitaeleza vile nilielewa. Ndani ya ubongo kuna kitu kinaitwa dopamine, inapita kwa laini nyingi. Laini moja ikizidi nguvu njo sauti na mawazo ya kwamba watu wanakufuata. Dawa inapunguza nguvu ya dopamine. Lakini haichagui. Ni kama radio ya jirani inakusumbua usiku na njia moja tu uko nayo ya kuizima ni kukata umeme wa avenue yote: radio inanyamaza ndiyo, lakini na friji ya mama wa samaki inazima, na taa ya kwa ngazi, na mashini ya kusaga. Laini ingine ya dopamine inatumikisha mikono na miguu. Ingine inazuia maziwa ya mwanamuke. Mukumbuke hii ya maziwa, nitaifikia.

Kisha miguu, mikono. Kutetemeka. Polepole, kama miezi mitatu, vidole vikawa vigumu na vinacheza vyenyewe, zaidi mukono wa kuume. Mimi nilikuwa natunga uzi kwa sindano na mwangaza wa mushumaa. Sasa muchana, kwa jua, nalamba uzi, natunga, inapita pembeni, nalamba tena, mara ya kumi, ya kumi na tano. Vishimo vya vifungo nikaachia mwanafunzi wangu. Nikakata kikwembe cha mama mmoja mupindo, sentimita tatu, Super Wax yenye alinunua kwa pesa ya likelemba, nikalipa. Na uso ulikuwa hauchekeki tena, nacheka ndani lakini uso umebaki kama wa picha ya kitambulisho, wakiliyenti wanasema "huyu siku hizi ako na kiburi".

Wakanipa trihexyphenidyl, ya kulegeza. Kweli ililegeza, vidole vikafunguka kwa siku chache. Lakini ikaleta zake: kinywa kikavu paka mukate haumezeki bila maji, choo siku tano bila kutoka, na macho ya karibu yakajaa ukungu. Mukono umepona, jicho halioni tundu la sindano. Kwa mutu wa duka labda ingekuwa kitu kidogo, kwangu ilikuwa kazi imerudi kulala. Miezi mitatu kisha tukaipunguza na kuiacha, na ikaonekana kwamba kutetemeka hakukurudi na nguvu ya kwanza. Kwa hiyo kama uko nayo miaka na miaka na hakuna mwenye anakuuliza kama bado unaihitaji, uliza wewe.

Haloperidol: nyota mbili. Ya kwanza juu ya sauti, ya pili juu ya bei, juu dawa yenye unaweza kununua kila mwezi inashinda ile nzuri yenye unanunua mwezi moja ndani ya mitatu. Ningeongeza ya tatu kama walinianzisha na kidogo, na kama waliniambia.

2020 nikapita kwa olanzapine, miligramu 10, usiku. Bei ya mwezi moja ilikuwa karibu ile ninapata kwa kushona roba mbili, basi kila mwezi roba mbili zilikuwa za farmasi. Na mwanzo nilisema Mungu asifiwe. Nililala! Wiki ya tatu nikatunga uzi mara ya kwanza, nikamuita mama aje aone, nikautoa, nikatunga tena, mama akakaa kwa kiti cha wakiliyenti akaniangalia natunga na kutoa, natunga na kutoa.

Lakini njaa. Si njaa ya tumbo, naeleza vizuri: tumbo limejaa, nimemaliza bugali na sombe, na kuna kitu kinasema leta ingine. Saa sita ya usiku niko kwa sufuria nakula bugali baridi na mukono. Beignets za asubuhi zile nilikuwa nakula mbili, nikakula sita, na chai ya sukari mingi. Hakuna mwenye alinikataza, juu huku kwetu kunona ni baraka, kwa kanisa walinishika mikono "ee unapona, unapendeza sasa, Bwana amekukumbuka". Na kweli nilikuwa nimekonda sana mbele, kwa hiyo hata mimi nilifurahi miezi miwili.

Sasa fundi hawezi kujidanganya, metre iko kwa shingo yangu kutoka asubuhi. Mwezi wa tatu nilijishonea roba ya ndoa ya binamu, nikajipima kiuno, 79. Nikaandika kwa kayé ya vipimo kama ninavyoandikaka ya watu wote. Ndoa ikasogezwa juu ya korona, miezi miwili kisha nikaivaa, fermeture haikupanda. Nikapima, 86. Nikaogopa, nikaanza kupima kila mwisho wa mwezi: 88, 91, 93, 96. Mwezi wa kumi na moja, 101.

Hapa njo nilijifunza kitu naona ni cha maana kupita vyote vya andiko hii. Nilikuwa nimeshamuambia dokta mara mbili "nanona sana", akajibu mara mbili "ni vizuri, ulikuwa umekonda". Safari ya tatu sikusema kitu, nikafungua kayé, nikaweka mbele yake: tarehe, sentimita, tarehe, sentimita. Alisoma, akanyamaza, akasoma tena toka juu. Siku ile ile akanituma kupima sukari, bila kula asubuhi, ikatoka 118 (mg/dl). Akanieleza kwamba 126 njo ugonjwa wa sukari wenyewe, mimi niko kwa mulango. Maneno "nanona", "najisikia mubaya", "mikono haiko sawa", yanapita kama upepo, dokta ako na watu makumi tatu kwa mustari. Namba inamusimamisha. Toka siku ile siendi kwa dokta bila namba.

Alinipa kuchagua, kubaki na kuongeza metformin na kutembea, ao kubadilisha. Kuna mwenzangu alichagua metformin na kiuno chake kilisimama, namujua, iko muzima. Mimi baba yangu alikufa na sukari, nikachagua kubadilisha. Jambo ingine ya olanzapine na wavuta sigara wasome: moshi unafanya mwili uimalize haraka, kwa hiyo mutu anavuta sana anaweza kuhitaji dozi ya juu kidogo, na siku anaacha sigara dawa inabaki mingi kwa damu na analala paka saa sita ya muchana, familia inafikiri amerogwa. Ukitaka kuacha sigara, na uache, lakini uambie dokta mbele.

Nyota tatu. Kwa mikono ningeipa tano. Kwa kiuno moja.

Risperidone, 2022, walinianzisha polepole paka miligramu 4. Njaa ikashuka, kiuno kikaanza kurudi, si haraka, kama sentimita moja kwa mwezi. Mikono, kutetemeka kidogo tu asubuhi. Mwezi wa pili sikuona siku zangu. Mwezi wa tatu sikuona. Nikasema labda ni mawazo. Kisha siku moja niko namupima mama mmoja mabega, nimeinua mikono, naona anaangalia kifua changu hasemi kitu. Nikaangalia. Blauzi ilikuwa na madoa mawili ya maji. Maziwa. Mutoto wangu wa mwisho, na njo yule mmoja tu niko naye, alikuwa na miaka tisa.

Mujue avenue ni avenue. Kwa wiki moja habari ilikuwa imefika, fundi ako na mimba, ya nani? Na kwa kwaya wakaniambia nipumuzike kwanza kuimba "paka mambo ijulikane". Nilijipima mimba mara mbili, zote hapana, na hata mimi nilikuwa najua kwamba hakuna njia mimba ingeingilia, lakini unafika pahali unaanza kutojiamini, na kwa mutu mwenye aliwahi kusikia sauti, kutojiamini tena mwili wake mwenyewe ni jambo kubwa, lilinirudisha mbali sana. Nilificha wiki tano. Haya ilinifunga kinywa. Dokta ni mwanaume, ningemuambiaje maziwa? Mwisho nilimuambia mama infirmiye, yeye akamuambia, na dokta hata hakushangaa, akasema ni ile laini ya dopamine, ikipunguzwa homoni ya maziwa inaitwa prolactin inapanda, na risperidone njo moja ya zile zinaipandisha sana. Hakushangaa! Basi alijua. Basi kama alijua, angeniambia mwezi wa kwanza, na mimi ningeweka kitambaa kwa sutien na ningejua cha kujibu kwa kwaya.

Tulishusha 4 paka 3, kisha 2, na miezi katikati ya kila kushuka. Maziwa yakakauka. Siku zangu zikarudi mwezi wa nne kisha kushuka kwa mwisho, na kwa kwaya nilirudi, hakuna mwenye aliniomba musamaha lakini wamenirudishia nafasi yangu kwa sauti ya pili. Na wadada musikie vizuri, kukosa siku zenu juu ya dawa si kusema mimba haiwezi kuingia. Inaweza.

Nyota nne. Njo niko nayo mupaka leo.

Niweke kidogo ya farmasi, juu dawa nzuri ikiuzwa mubaya haisaidii. Kuna farmasi moja nilinunua kwake, siitaji, nikapewa paketi ya rangi moja na ile ya kawaida, na ndani ilikuwa haloperidol ya miligramu moja na nusu mahali pa 5. Wiki mbili nakunywa karibu theluthi ya dozi yangu na sijui. Soma namba kwa kila paketi, si rangi, na uangalie tarehe. Kama husomi Kifaransa chukua mutoto wa shule.

Na 2025, mwezi wa pili, wakati muji ulikuwa umebadilisha mikono juu ya vita, kila kitu kilifungwa, tulikuwa ndani, milio, na nilikuwa na vidonge tisa. Nikavikata nusu nusu kwa akili yangu. Vikaisha. Usiku wa nne bila dawa nilikuwa sijalala hata saa moja, na usiku wa tano nikasikia jina langu, mara moja, kwa ile sauti. Risasi zilikuwa zinalia inje lakini ile jina njo iliniogopesha. Jirani mwenye alikuwa na nesi kwa familia alinipatia vidonge kumi na sita, sijui alivitoa wapi, sikuuliza. Toka hapo niko na akiba ya mwezi moja mbele, imefungwa kwa nailoni ndani ya kopo la vifungo, na kama pesa inapungua napunguza kitu kingine, si dawa. Kukata ghafla ni hatari, hata kama unajisikia muzima, na zaidi kama unajisikia muzima, juu njo dawa inafanya kazi.

Vitu vya haraka vyenye si vya kungoja randevu: homa kali na mwili kukakamaa pamoja na kuchanganyikiwa, siku ile ile lopitali, usiku ao muchana, hiyo inaua. Na kitu kingine kinachokuja polepole kisha miaka: kinywa kinatafuna bila chakula, ulimi unatoka wenyewe. Hiyo uiseme mapema juu ikikawia inaweza kubaki hata kama dawa imeachwa. Mimi ninajiangalia kwa kioo cha wakiliyenti, dakika moja, kinywa wazi, ulimi umetulia ndani. Wenye wanakunywa chlorpromazine, kofia na mikono mirefu, ngozi inaunguaka na jua haraka. Na zote zinaweza kuleta kizunguzungu ukisimama haraka, kaa kwanza kwa kando ya kitanda.

Kayé yangu sasa iko na ukurasa wangu mwenyewe, katikati ya vipimo vya watu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi: kiuno. Uzi, nimetunga mara ya ngapi. Saa za kulala. Siku zangu. Sauti, ndiyo ao hapana. Miguu, ndiyo ao hapana. Mwezi huu: 88, mara ya pili, saa saba, ziko, hapana, hapana. Dokta wa sasa, mbele hata ya kunisalimia vizuri, ananyoosha mukono anasema "leta kayé". Kuna mama wawili wenye watoto wao wanakunywa olanzapine, mmoja wa Kadutu hapa, mwingine anatoka Bagira na moto, wanakujaka nao kwangu mwisho wa mwezi, tunafunga pazia, ninawapima kiuno na kuwaandikia kwa karatasi na tarehe. Silipishi. Yule wa Bagira alitoka 84 akafika 92, wiki iliyopita amepelekwa kupima sukari, tunangoja jibu.